Breki ya Upande wa Abiria

Shati lilikuwa jeupe, limepigwa pasi mpaka kola imesimama yenyewe, na mama aliyelileta hakukubali kulikabidhi kwa askari yeyote. Alikaa nalo kwenye benchi la kituo cha polisi tangu asubuhi na mapema, limelazwa mapajani juu ya gazeti safi. Kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu, na kwa kazi hiyo alimlea mwanawe wa pekee. Leo saa nane mchana mwanawe huyo angepandishwa kizimbani kusomewa shtaka la mauaji, na mama hakutaka aonekane kama mtu asiye na kwao.

Mkaguzi alitokea kwenye korido akiwa na jalada kwapani, akatamani kupita bila kusimama. Yeye ndiye aliyemkamata. Siku tatu zilizopita alimfunga pingu kwenye kituo cha teksi, mchana kweupe, madereva wenzake wote wakitazama.

"Binti yangu," mama akamwita. "Njoo hapa kidogo."

Mkaguzi akasogea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia mmeandika kwamba mwanangu ni dereva hodari."

"Ndivyo ilivyo, mama. Hata wenzake wanasema."

"Kuendesha, sawa. Na kuegesha je? Kila akija nyumbani ananipandia vyungu vyangu vya maua. Matairi yamepinda huku, mkia wa gari uko njiani, majirani hawapiti. Miaka kumi na moja namgombeza! Wiki iliyopita tu ameniulia waridi langu la mwisho."

Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika, hasira ile ya mama aliyesema mpaka akachoka, na Mkaguzi akajikuta anamwamini kabla hajataka kumwamini. Akafungua jalada palepale akiwa amesimama. Picha ya teksi ya kijana, iliyopigwa siku ya kukamatwa, ilikuwa ukurasa wa nne: matairi ya mbele yamepinda, gurudumu moja limepanda ukingo wa barabara. Akafunua ukurasa wa tisa. Magari matatu ya wizi, yalivyokutwa yametelekezwa, yalikuwa yameegeshwa kinyumenyume, katikati ya mistari, matairi yamenyooka kabisa.

Picha hizo alikuwa amezitazama mara ishirini. Akaona aibu, akaenda kumtafuta Mtaalamu.

Kesi yenyewe mji mzima uliijua. Ndani ya wiki tano, maduka matatu ya masonara yaliporwa, kila mara adhuhuri. Mtu mmoja mwenye barakoa na bastola aliingia dukani; mwenzake alimsubiri nje ndani ya gari la wizi, injini ikiunguruma. Mara ya tatu, wakati wa kutoroka, gari lilimgonga mlinzi wa duka, akafia palepale. Hapo makao makuu wakamtuma Mtaalamu, mzee mfupi asiyevua sweta hata jua likiwaka, ambaye kazi yake ni kuchora wasifu wa mhalifu kabla mtu hajajua jina lake. Aliandika ukurasa mmoja: mwanamume, dereva mzoefu, umri kati ya thelathini na arobaini, huenda amewahi kufungwa kwa makosa ya barabarani, anafanya kazi ndani ya duara hili la mji.

Mkaguzi aliuchukua ukurasa ule akaingia nao mtaani. Ulimwangukia dereva mmoja wa teksi. Akiwa na miaka ishirini alifungwa miezi sita kwa kuendesha mbio, na alipotoka akawa anaendesha polepole mno hata wenzake wakamwita Taratibu. Sasa ana miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyeweza kusema alikuwa wapi siku zile tatu. Mkuu wa kituo alipiga makofi. Mkaguzi naye alilala usingizi mzuri usiku ule, na leo hilo lilimuuma kuliko yote.

Mtaalamu alikuwa kwenye chumba cha majalada, anafuta miwani kwa pindo la sweta.

"Mzee, ule wasifu wako."

"Nasikia umemfunga mtu nao."

"Unamfaa kila mstari."

"Koti langu nalo linaweza kukutosha. Bado ni langu." Akavaa miwani. "Wasifu unakuambia ukatafute wapi, mwanangu. Haukuambii umempata. Na mimi naandika kwa yale niliyopewa. Hili la dereva mzoefu nililikuta kwenye taarifa. Nani aliliandika?"

Mkaguzi hakuhitaji kufungua jalada. "Mimi."

"Kwa ushahidi gani?"

"Kwa kuwa walitoroka."

Mzee hakumcheka. Alivuta karatasi tupu akapiga mstari katikati. "Tuanze upya. Upande huu andika alichofanya kwa sababu kazi ilimlazimu. Barakoa, bastola, gari la wizi. Hayo kila jambazi anayafanya, na kesho anaweza kuyabadilisha. Upande wa pili andika alichofanya bila kulazimishwa na mtu. Huko ndiko utakakomkuta."

"Kuegesha," Mkaguzi akasema papo hapo. "Umetoka kuua mtu, polisi wako nyuma, halafu unarudisha gari kinyumenyume katikati ya mistari na kunyoosha matairi?"

"Andika. Twende tukayaone."

Magari matatu yalikuwa uani, chini ya turubai. Yote madogo, yote ya gia za mkono, yote na breki ya mkono katikati ya viti. Mkaguzi alikumbuka maelezo ya wenye magari: kila moja lilipoibiwa, palikuwa na gari lenye nguvu zaidi hatua mbili pembeni. Mwizi aliyaacha ya kukimbia akachagua ya kujifunzia. Alilitamka neno hilo la mwisho kwa sauti bila kukusudia, na Mtaalamu akainua nyusi lakini hakusema kitu.

Mkaguzi akafungua mlango wa abiria wa gari la kwanza. Kivuli cha jua kilikuwa kimeshushwa, na kile kioo kidogo cha kujitazamia kimeinamishwa pembeni. Akakaa, akatazama. Hakuona uso wake. Aliona barabara ya nyuma yote, mpaka geti la kituo.

"Mzee, kwenye gari la pili kioo kikoje?"

"Vivyo hivyo."

"La tatu?"

"Vivyo hivyo. Shuka sasa utazame sakafu."

Sakafu waliijua. Kwenye zulia la abiria, juu kabisa karibu na ukuta wa injini, palikuwa na alama za mguu wa kulia zilizorudiwarudiwa, zenye vumbi jeupe. Iliyo wazi zaidi ilikuwa kwenye gari la tatu: soli yenye kiraka cha nusu mwezi, mishono saba, wa tatu umekatika. Kwa sababu ya vumbi lile Mkaguzi aliandika "saruji," akaamua mwenzake wa Taratibu ni fundi ujenzi, akawasumbua waashi wa watu siku mbili nzima na kurudi mikono mitupu.

Sasa alikaa tena kwenye kiti, akanyoosha mguu wake wa kulia mpaka ukafika penye alama. Hakuna abiria anayekaa hivyo. Mguu ulikuwa umetanguliza kisigino, tayari kukanyaga.

"Alikuwa anafunga breki," akasema taratibu. "Breki ambayo haipo."

"Endelea," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Sonara wa kwanza alisema gari lilirukaruka kama mbuzi, likazima mara mbili. Nikasema ni kiwewe. Wa pili alisema lilizima mara moja. Wa tatu alisema liliondoka vizuri." Akashuka garini. "Dereva wao hakuwa hodari hata kidogo, mzee. Ni mwanafunzi! Kila wiki anazidi kujua. Na huyu wa pembeni, mwenye kioo chake na breki yake, ni..."

Hakumaliza, kwani Sajini alikuwa anawaita kutoka dirishani. Wakaingia ndani. Sajini alikuwa mtu wa miraba minne, mwaminifu, mwenye maneno mengi, na alikuwa amesimama mbele ya ramani ya ukutani ambayo Mkaguzi aliichora kwa kalamu nyekundu.

"Mkaguzi, hizi ndizo njia walizotorokea? Mbona hamkuniambia?"

"Ramani iko hapo siku kumi, Sajini."

"Meza yangu iko upande wa pili! Nimeleta tu chai." Akaweka kidole. "Tazama. Mara zote tatu kuna njia za mkato, hawazifuati. Wanakwenda mpaka mzunguko, wanapanda kilima cha hospitali, wanashuka kwenye taa. Hii ni njia ya mtihani wa leseni. Naijua kama nyumbani. Hapa kilimani unasimama, unaondoka bila gari kurudi nyuma."

"Na wewe?"

"Nilirudi nyuma. Mara mbili." Akameza mate. "Mara ya pili nilimgonga msimamizi wa mtihani."

Mtaalamu alicheka mpaka akashika ukuta. Mkaguzi hakucheka, ingawa alitamani kumkumbatia. "Shule za udereva ziko ngapi?"

"Tatu. Mbili zina televisheni, unatazama picha tu. Mimi nilisoma ile ya nyuma ya soko, Mwalimu bado anatumia ubao na chaki. Ukitoka darasani viatu vyote vimekuwa..."

Wote watatu walitazama picha ya vumbi jeupe.

"Mwalimu yule?" Sajini akasema. "Haiwezekani. Yule ni mtu mwema. Alinifundisha bure mwezi mzima."

"Inawezekana siye," Mkaguzi akajibu. "Leo simfungi mtu kwa ukurasa mmoja. Leo nataka mishono saba." Akatazama saa. Ilikuwa saa nne na robo. "Tafuta gari letu dogo kuliko yote. Na zulia jeusi, jipya kabisa."

Darasa lilikuwa chumba kimoja chenye madawati ya mbao na ubao uliochorwa makutano ya barabara, na juu ya meza vigari vya mbao vilivyobanduka rangi. Pembeni, juu ya stendi ya chuma, palikuwa na injini kuukuu iliyokatwa ubavu ili wanafunzi waone ndani. Sakafu ilikuwa nyeupe kwa unga wa chaki. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mpole, vifungo vyote vimefungwa. Alipomwona Sajini alifungua mikono.

"Wewe! Kumbe bado uko hai?"

"Niko, Mwalimu, kwa dua zako. Nimeletwa kwako na bosi wangu. Ofisini wanasema nipimwe tena, la sivyo naandikiwa kutembea kwa miguu."

"Wana haki," Mwalimu akasema, na wote wakacheka.

Mezani mlangoni alikaa mkewe, mwanamke mwembamba aliyekuwa anaandikisha wanafunzi. Aliwakaribisha vizuri, lakini aliitazama sare ya Sajini zaidi ya ilivyohitajika.

"Shemeji, na wewe una leseni siku hizi?" Sajini akamtania. "Zamani ulikuwa unaogopa hata kukaa mbele."

"Bado sina. Ananifundisha."

"Tangu lini?"

"Kama miezi miwili hivi." Akashika kalamu, akaiacha. "Polepole."

Mkaguzi alisikia, akaendelea kutazama vigari vya mbao kana kwamba vinauzwa.

Walitoka wote watatu. Sajini alishika usukani, Mkaguzi akakaa nyuma, na Mwalimu akaingia upande wa abiria kwa viatu vyake vyenye chaki, juu ya zulia jeusi ambalo halijakanyagwa na mtu. Kabla hajafunga mkanda, mkono wake ulipanda wenyewe, ukashusha kivuli cha jua na kukiinamisha kioo. Mkaguzi aliona macho yake humo, yakitazama barabara ya nyuma. Hayakumwona yeye.

"Ondoka," Mwalimu akasema. "Kioo, ishara, tazama juu ya bega. Haya."

Sajini aliendesha vizuri mpaka mzunguko. Alipanda kilima cha hospitali, akasimama katikati, akaondoka, na gari halikurudi nyuma hata inchi. Mwalimu akampigapiga begani. Uso wa Sajini uling'aa, na kwa kitambo kidogo hata Mkaguzi alisahau walichofuata. Kisha wakashuka kwenye taa. Ilikuwa nyekundu. Sajini, kama alivyopatana na Mkaguzi, hakupunguza mwendo.

"Taa," Mwalimu akasema. "Taa! Taa, wewe!"

Mguu wake wa kulia uliruka ukagonga sakafu, mara moja, mara mbili, kwa nguvu zote, na mkono wake ukadaka breki ya mkono. Sajini akakanyaga breki ya kweli na gari likasimama juu ya mstari wenyewe, tairi zikilia.

Mwalimu alikuwa anahema.

"Miaka kumi na tisa kwenye gari lenye breki upande huu," akasema, nusu kwa kicheko. "Nyumbani hata nikikaa kwenye sofa nakanyaga."

"Naamini," Mkaguzi akasema kutoka nyuma. "Inua mguu, Mwalimu. Usiuburute. Uinue."

Akauinua. Kwenye zulia jeusi, juu karibu na ukuta wa injini, soli ilikuwa imejichora kwa chaki nyeupe kana kwamba imepigwa muhuri. Kiraka cha nusu mwezi. Mkaguzi aliinama kati ya viti akahesabu kwa kidole bila kugusa. Mishono saba, na wa tatu umekatika. Akatoa picha ya gari la tatu, akaiweka juu ya paja la Mwalimu.

Mwalimu aliitazama kwa muda. "Viatu vya viraka viko vingi mjini."

"Viko vingi. Vyenye kiraka hiki, mshono huu na chaki yako, vinavyofunga breki kwa abiria, nadhani ni hivyo tu. Nitamuuliza na fundi viatu wako: kwa nini soli ya kulia tu ndiyo inayokwisha?"

Sajini alizima injini, akamtazama mtu aliyemfundisha bure mwezi mzima. "Mwalimu," akasema, "kwa nini hukuendesha mwenyewe?"

"Nani angeingia dukani?" Mwalimu akauliza kwa upole, kisha akafumba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Waliporudi darasani mkewe alikuwa amesimama. Aliona pingu kwanza, ndipo akauona uso wa mumewe. Hakupiga kelele. Alivuta dawati la wanafunzi akakaa, akaegemea meza ya vigari vya mbao.

"Alipiga kelele nifunge breki," akasema. "Yule mzee mlinzi alikuwa mbele yangu, ananitazama. Nikakanyaga mafuta. Wiki sita ninajifunza, nikakanyaga mafuta." Alilia sasa, machozi mengi. "Kila mchana nasikia kishindo chake."

"Nyamaza," mumewe akamwambia.

"Ninyamaze nini? Kuna kijana wa watu amefungwa kwa ajili yangu! Dhahabu iko kwenye hiyo injini. Fungueni, mshindwe kulala na nyinyi."

Sajini alilegeza nati nne. Ndani ya matundu ya pistoni, mahali ambapo mamia ya wanafunzi walichungulia wakiambiwa wasiguse, mikufu ilikuwa imesokotwa ndani ya matambara. Bastola ilikuwa chini yake, imefungwa kwenye karatasi ya maswali ya mtihani.

Saa saba na dakika arobaini Mkaguzi aliingia kwenye ofisi ya Mkuu wa kituo na zulia jeusi limefungwa kwenye karatasi, taarifa mbili zilizosainiwa, na uso usiotaka mjadala. Alitoka na saini ya kumwachia Taratibu. Mtaalamu alikuwa koridoni, sweta lake mwilini, kalamu mkononi. Alikuwa ameandika wasifu mpya, akampa ausome: mwalimu, makini, anaheshimika, hajawahi kufungwa. Chini yake mzee alikuwa amekata kwa mstari mmoja mnene maneno "dereva mzoefu," na pembeni ameandika: kosa letu sote wawili.

Mkaguzi alikwenda mahabusu mwenyewe, akafungua mlango kwa mkono wake.

"Nilikosea," akamwambia Taratibu. "Wewe hukufanya lolote. Nisamehe."

Kijana alisimama, akatoka kama mtu anayeogopa kuamshwa. Koridoni mama yake alikuwa amesimama na shati. Alimshika usoni kwa mikono yake miwili, akamvisha shati lile mbele ya askari wote, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni. Ndipo akamgeukia Mkaguzi.

"Asante. Lakini hujamaliza."

"Mama?"

"Ulimchukua mbele za watu. Unamrudishia mlango wa nyuma? Mrudishe ulikomtoa."

Sajini alikohoa. Mkaguzi alivaa kofia yake ya sare, akainyoosha. "Una haki, mama. Twendeni."

Walikwenda kwa teksi ya Taratibu mwenyewe, mama nyuma na Sajini, Mkaguzi mbele kwenye kiti cha abiria. Kijana aliendesha kama jina lake. Baiskeli mbili ziliwapita. Kwenye taa alipunguza mwendo mapema mno hata wa nyuma wakapiga honi, na Mkaguzi akatambua kwamba njia nzima mguu wake wa kulia ulikuwa umetulia, haujagusa kitu.

Kwenye kituo cha teksi madereva walikuwa kama thelathini, wengine juu ya boneti, wengine wanafuta vioo. Walipoona sare, mazungumzo yalikatika. Mkaguzi alishuka, akasimama palepale alipomfunga pingu.

"Ndugu zangu!" Akapaza sauti wote wamsikie. "Siku tatu zilizopita nilimkamata mwenzenu hapa, nikasema ni muuaji. Nilikosea. Waliofanya kitendo kile tunao, wamekiri, na dhahabu imepatikana. Huyu hana kosa lolote. Mwenye kosa ni mimi, na nimekuja kulisema mahali nilipolifanyia."

Kisha honi moja ililia, ikafuatwa na ya pili, na ghafla kituo kizima kilikuwa kinapiga honi, watu wanagonga mapaa ya magari, wamemnyanyua Taratibu juu juu na shati lake jeupe, anacheka na kulia. Sajini alikuwa ndani ya lile kundi anapiga kelele kuliko wote. Mkaguzi alisimama akiwatazama, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Mama hakuingia kwenye kundi. Alikuwa ameinama kando ya teksi, mikono kiunoni, anatazama matairi yaliyopinda na gurudumu moja lililopanda ukingo.

"Unaona?" akamwambia Mkaguzi. "Si nilikwambia?"